Ndege Hii, Ndege Huyu

Kiswahili kilipokutana na eropleni hakikuhangaika kutafuta jina. Kilimwona aliyekuwapo angani tangu zamani, kikampa mgeni jina lake, kisha kikaiachia sarufi kazi ya kuwatenganisha: ndege huyu ana manyoya, ndege hii ina injini. Kiambishi kimoja tu, na msikilizaji ameshajua kama kinachozungumzwa kina roho au hakina.

Kuna watu ambao mpaka huo hawautambui. Ukifika kwenye maonyesho ya ndege za kale nchini Uingereza utawakuta uzioni tangu alfajiri, wamebeba darubini, kamera zenye lenzi ndefu kama mkono na madaftari yaliyochakaa pembe. Hawajaja kuona ndege kwa ujumla wake. Wamekuja kuiona moja, yenye herufi fulani ubavuni, ambayo wanajua ilizaliwa kiwanda gani, nani aliiendesha, ilianguka wapi, nani aliiokota na kuifufua. Kwao hiyo ni ndege huyu. Jicho la namna hiyo lina historia yake, na chimbuko la historia hiyo ni kosa la kuua.

Asubuhi ya tarehe 6 Septemba 1939, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa na siku tatu tu kwa Waingereza, taarifa zilienea kwamba adui anaingia kutoka pwani ya mashariki. Vikosi vilirushwa. Marubani wa ndege za Uingereza aina ya Spitfire wakaona ndege mbele yao, wakazishambulia, wakaangusha mbili. Zote mbili zilikuwa Hurricane, nazo pia ndege za Uingereza yenyewe. Rubani kijana, Montague Hulton-Harrop, akafa, na ndiye rubani wa kwanza wa ndege za mapambano ya angani za Uingereza kuuawa katika vita hivyo. Hapakuwa na Mjerumani hata mmoja angani. Waingereza huliita tukio hilo Vita vya Barking Creek. Kwangu lina somo moja kubwa kuliko mengine: watu waliokuwa na mashine bora kabisa za zama zao hawakuwa wamefundishwa vya kutosha kutazama.

Ardhini walikuwapo waliojifunza. Kikosi cha Waangalizi, kilichoundwa mwaka 1925, kilikuwa cha raia: wenye maduka, walimu, wakulima, makarani, watu waliokwenda zamu baada ya kazi zao. Kufikia mwaka 1940 walikuwa kama 30,000, katika vituo zaidi ya 1,000. Rada za wakati ule zilitazama baharini. Ndege ikishavuka ufuko na kuingia bara, rada haikuwa na la kusema, na kilichobaki ni macho na masikio ya watu hawa waliosimama nyuma ya viroba vya mchanga, na simu ya kupeleka habari: wangapi, aina gani, kimo gani, wanaelekea wapi. Kazi yao iliheshimiwa kiasi kwamba Aprili 1941 kikosi kilipewa na mfalme haki ya kujiita cha Kifalme.

Walijifunzaje? Kwa kadi zenye vivuli vyeusi. Kila ndege ilichorwa mara tatu, kutoka mbele, ubavuni na chini, bila rangi wala alama, umbo tupu. Maana hivyo ndivyo ndege ionekanavyo ikiwa juu na jua liko nyuma yake. Mwangalizi alijizoeza kuuliza: mabawa yamekaa juu ya mwili au chini? Ncha zake ni za mviringo au zimekatwa? Mkia mmoja au miwili? Mjini Guildford waangalizi walianzisha klabu yao ya kujifunza zaidi ya walichodaiwa na wakubwa, wakaiita Hearkers Club, na nyingine zikafuata. Januari 1941 likatoka gazeti zima la kazi hiyo, The Aeroplane Spotter. Wakati huohuo viwandani serikali iliwataka wafanyakazi wasikimbilie mahandaki kila king'ora kilipolia, bali waendelee na kazi mpaka mtazamaji aliyewekwa juu ya paa aseme kwamba hatari imefika kweli. Fikiria uzito wa mtu huyo: chini yake mamia ya watu wanaendelea kukereza vyuma kwa sababu wameyaamini macho yake.

Watoto nao walijifunza. Vijana walizijua kadi zile kuliko masomo ya shule. Ila jicho hilo la vita liliona aina tu. Liliuliza, "Hii ni nini?" Halikuwa na haja ya kuuliza, "Huyu ni nani?"

Kisha amani ikaja, na elimu iliyopatikana kwa hofu ikakosa kazi. Ndege zenyewe zikawa mzigo. Spitfire zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 20,000. Sasa zilikatwakatwa kwa maelfu na kuyeyushwa. Waliokua wakizitambua kwa muungurumo walizishuhudia zikigeuka chuma chakavu. Naamini hapo ndipo jicho lilipobadilika. Kitu kikiwa kingi unatambua aina yake. Kikianza kuadimika unataka kujua ni kipi kilichobaki.

Njia ya kujua ilikuwa imeandikwa ubavuni. Kila ndege ya kiraia hubeba herufi za usajili ambazo haishiriki na nyingine yoyote. Za Uingereza huanza na G. Kenya ya wakoloni ilipewa VP-K, Tanganyika VR-T, Zanzibar VP-Z; baada ya uhuru Kenya ikachukua 5Y na Tanzania 5H, na mpaka leo ukisimama karibu na uzio wa kiwanja chochote cha kwetu utazisoma. Wazee wa pwani wataelewa haraka. Jahazi lina umbo la majahazi yote, lakini lina jina lake, na nahodha hutajwa pamoja na jina hilo, si pamoja na umbo.

Vijana wa Uingereza wakaanza kukusanya herufi kama wengine wakusanyavyo stempu. Mchapishaji Ian Allan, aliyekwisha kuwapa wapenzi wa treni vijitabu vya namba za injini wakati wa vita, akatoa na vya ndege. Mwaka 1948 ikaanzishwa jumuiya ya Air-Britain, ambayo wanachama wake waliifanya kazi ya kiserikali bila mshahara: kufuatilia maisha ya kila ndege tangu kiwandani hadi kaburini. Kanuni ya kijana wa uzioni ilikuwa rahisi. Ukiiona ndege kwa macho yako, unapiga mstari chini ya namba yake kitabuni. Umeshaipata. Huihitaji tena. Heathrow, London, jengo la Queen's Building lililofunguliwa mwaka 1955 lilikuwa na bustani juu ya paa, na watu walilipa ili wapande na kukaa huko siku nzima wakipiga mistari.

Mashine za kale, hata hivyo, hazikupita Heathrow. Zilikuwa mabandani.

Aliyezifuata huko mapema kuliko wengi ni Richard Shuttleworth, mrithi wa shamba kubwa la Old Warden katika jimbo la Bedfordshire, aliyezaliwa mwaka 1909. Alikuwa dereva wa mashindano ya magari, mshindi wa Donington Grand Prix ya 1935, na mtu asiyeweza kupita karibu na mashine mbovu bila kusimama. Mwaka huo wa ushindi wake alijipatia Blériot XI ya mwaka 1909, ndugu wa ile ambayo Louis Blériot alivukia mlangobahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Mwaka 1937 akapata mabaki ya ndege ya Blackburn ya 1912, yaliyokuwa yamelala vipande vipande miaka mingi, akaanza kuyarudishia umbo. Wakati dunia ikishindana kutengeneza ndege za kasi zaidi, kijana huyu mwenye fedha alikuwa akiokota zile ambazo wenzake waliziona takataka.

Hakuuona mwisho wa kazi hiyo. Tarehe 2 Agosti 1940, akiwa katika mafunzo ya jeshi la anga, ndege yake ilianguka akafa. Mama yake, Dorothy, aliyekuwa na mtoto huyo mmoja tu, alianzisha mfuko wa kumkumbuka mwaka 1944, na mwaka 1963 mkusanyiko wa ndege ukafunguliwa kwa watu wote. Uwanja wa Old Warden ni wa nyasi. Ndege zake hazikuwekwa ili zitazamwe tu zikiwa zimesimama. Zinaruka.

Kati ya hizo, moja ina undugu nasi. Herufi zake ni G-ACSS.

Kisa chake kinaanzia Nairobi. Mwaka 1929 mjane mmoja, Florence Kerr Wilson, alitoa fedha akaanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways pamoja na rubani aliyeitwa Tom Campbell Black. Kiwanja cha Wilson, ambacho wakazi wa Nairobi wanakipita kila siku, kina jina la mama huyo. Campbell Black ndiye aliyemfundisha kurusha ndege mwanamke aliyekuja kuwa rubani mashuhuri, Beryl Markham. Alizijua anga za hapa pasipo na redio wala mataa ya kuongozea, akifuata mito na reli. Mwaka 1931 Mjerumani Ernst Udet, rubani maarufu wa Vita vya Kwanza ambaye alikuwa akipiga filamu Afrika Mashariki, alipotea na ndege yake katika nchi ya mabwawa ya Mto Nile kusini mwa Sudan. Campbell Black ndiye aliyemtafuta kutoka angani hadi akampata akiwa hai. Kazi hiyo nayo ilikuwa ya jicho.

Mwaka 1934 tajiri wa peremende wa Melbourne, Macpherson Robertson, alitoa zawadi kwa mashindano ya ndege kutoka Uingereza hadi Australia. Kampuni ya de Havilland ikatangaza kuwa itatengeneza ndege maalumu ya mashindano hayo kwa pauni 5,000 kila moja, bei isiyorudisha gharama zake. Tatu zikaagizwa. Iliitwa Comet: mwili wa mbao, mabawa membamba, injini mbili, viti viwili kimoja nyuma ya kingine. Rafadha zake, au pangaboi kama wengi tusemavyo, zilikuwa za Kifaransa, na zilikuwa na utaratibu ambao kila shabiki hupenda kuusimulia. Kabla ya kuruka, fundi alizijaza upepo kwa pampu ya baiskeli ili mapanga yakae katika pembe ya kuondokea. Ndege ikishashika kasi, upepo ule ulitolewa na mapanga yakageukia pembe ya safari. Baada ya hapo hayakuweza kurudi mpaka utue na pampu iletwe tena. Ndege ya kasi kuliko karibu zote za zama zake ilikuwa ikitegemea kifaa cha mwendesha baiskeli.

G-ACSS ilipakwa rangi nyekundu, ikapewa jina la Grosvenor House, hoteli ya London iliyoongozwa na mwenye ndege. Tarehe 20 Oktoba 1934, alfajiri, iliondoka Mildenhall ikiendeshwa na Charles Scott na Campbell Black. Baghdad, Allahabad, Singapore, Darwin, Charleville. Juu ya Bahari ya Timor injini moja ikaanza kuwatisha, na sehemu ya mwisho waliimaliza wakiwa wameipunguzia nguvu. Walifika Melbourne baada ya takriban saa 71, wa kwanza. Ya pili haikuwa ndege ya mashindano hata kidogo. Ilikuwa DC-2 ya shirika la KLM, ndege ya abiria, yenye abiria ndani.

Umaarufu haukuilinda Comet wala rubani wake. Tarehe 19 Septemba 1936 Campbell Black alikuwa ardhini Liverpool, ndani ya ndege yake ndogo, wakati ndege ya kijeshi iliyokuwa imetua ilipomgonga. Alikufa. Wiki mbili kabla, mwanafunzi wake Beryl Markham alikuwa amevuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi. G-ACSS nayo ilichukuliwa na wizara ya anga kwa majaribio, ikavunjika wakati wa kutua, ikauzwa kama chakavu, ikafufuliwa. Mwaka 1937 ilirukia Cape Town na mwaka 1938 New Zealand, kwenda na kurudi, ikivunja rekodi, kisha vita vilipokuja ikaachwa. Ilitolewa kwa muda ionyeshwe katika tamasha la taifa la mwaka 1951. Mwaka 1965 Old Warden waliipokea. Ilichukua mpaka tarehe 17 Mei 1987 kuirusha tena. Mwaka 2002 magurudumu yake yalikunjika wakati wa kutua, ikarudi kwa mafundi; ikaruka tena Agosti 2014.

Mtu anaweza kuuliza: baada ya injini mpya, mbao mpya, ngozi mpya, ni ile ile kweli? Uzioni mjadala huo hauishi, na wapo wanaojua ni ubao upi hasa uliokwenda Australia. Mimi nasimama na mafundi wa majahazi. Ubao mmoja hubadilishwa leo, mwingine msimu ujao, na chombo hubaki na jina lake kwa sababu hakikuacha kuwa chombo kwa siku moja kikazaliwa kingine. Madaftari ya watazamaji ndiyo yanayoshuhudia kwamba mnyororo wa G-ACSS haukukatika.

Kamera ilikuja kama nyongeza ya daftari, kisha ikalipita. Zamani filamu ilikuwa na picha 36, na mtu alilazimika kuamua kama ndege inayokuja inastahili moja kati ya hizo. Waliopenda rangi walitumia filamu ya Kodachrome, wakabadilishana picha kwa posta na watu ambao hawajawahi kuonana nao. Ndege za kale zina mtego wake. Mwenye kamera mpya hufungua kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde ili asikose, na hakosi: kila msumari unaonekana. Lakini rafadha imegandishwa, mapanga yamesimama kama ya feni iliyokatikiwa umeme, na ndege inaonekana imening'inizwa kwa uzi. Mzoefu hushuka hadi sehemu ya 125 ya sekunde, au chini zaidi, ili mapanga yawe duara la ukungu. Kwa kasi hiyo mkono ukitikisika picha nzima imeharibika. Kwa hiyo hujifunza kusimama miguu imetanuka, viwiko vimebanwa mbavuni, na kugeuka kiunoni taratibu kwa mwendo uleule wa ndege, kabla ya kubonyeza, wakati wa kubonyeza na hata baada yake. Ataharibu picha nyingi ili apate moja. Old Warden wapiga picha wanaipenda kwa sababu mstari wa watazamaji umepinda, na ndege huzunguka pembe hiyo ikiwa imelala, mgongo wake ukiwaelekea. Mahali pengi kamera hupata tumbo la ndege, lile lile la kadi nyeusi za vita. Hapa hupata uso.

Si kila mtu anaielewa hamu hii. Novemba 2001 mashabiki 14, Waingereza 12 na Waholanzi 2, walikamatwa Ugiriki baada ya kuhudhuria maonyesho ya ndege katika kituo cha kijeshi cha Kalamata. Walikaa rumande wiki kadhaa. Aprili 2002 mahakama iliwatia hatiani: wanane kwa ujasusi, sita kwa kuusaidia. Novemba mwaka huohuo, katika rufaa, wote waliachiliwa. Kwa hakimu mtu aandikaye namba za ndege za kijeshi anahesabu nguvu za nchi. Sioni ajabu akiwaza hivyo, kwani miaka 60 nyuma serikali ya Uingereza yenyewe iliwafundisha raia wake kuandika kwa sababu hiyo hiyo. Hata kwetu, inua kamera karibu na uzio wa kiwanja cha ndege uone askari atachukua muda gani kukufikia. Ni vigumu kumweleza mtu mwenye bunduki kwamba unachoandika ni jina, si idadi.

Hamu hii imewagharimu wengine uhai. Tarehe 6 Septemba 1952, Farnborough, ndege ya majaribio ya de Havilland ilivunjika angani mbele ya umati. Watazamaji 29 waliuawa pamoja na waliokuwa ndani yake wawili. Kanuni zikabadilishwa, na kwa miaka 62 iliyofuata hakuna mtazamaji aliyekufa katika maonyesho ya ndege nchini humo. Kisha tarehe 22 Agosti 2015, Shoreham, ndege ya kale ya kivita aina ya Hawker Hunter ilishindwa kumaliza mzunguko ikaangukia barabara kuu ya A27. Watu 11 waliuawa. Baadhi yao walikuwa safarini tu, hata hawakuja kutazama. Baadhi walikuwa wamesimama kando ya barabara, nje ya uwanja, kuangalia ndege. Rubani alipona. Kanuni zikakazwa tena: umati ukasogezwa nyuma, na ndege za jeti za kale zikazuiwa kufanya mizunguko mikali juu ya nchi kavu. Wapiga picha walilalamikia umbali, kisha wengi wao wakanyamaza. Walijua ni wenzao waliosimama kando ya barabara ile.

Old Warden ina maonyesho ya jioni, na hayo ndiyo mashabiki wanayoyangoja zaidi. Mchana kuna upepo, na ndege za mwanzo kabisa haziwezi kuuvumilia. Jua likishuka, kitambaa cha upepo juu ya mlingoti kikalegea, milango ya banda hufunguliwa na wazee wa mwaka 1909 na 1910 husukumwa nje kwa mikono. Injini za kuzunguka za enzi ile zililainishwa kwa mafuta ya mbarika, na harufu yake tamu huwafikia watu uzioni kabla ya sauti.

Blériot imepewa herufi G-AANG, ingawa ilipozaliwa usajili wa aina hiyo haukuwapo. Injini yake ya Anzani ina silinda tatu. Siku hizi haizunguki uwanja. Hukimbia kwenye nyasi, huinuka kimo cha mtu au kidogo zaidi, hukaa hewani kwa urefu mfupi wa uwanja, kisha hurudi chini. Kamera zote hulia kwa pamoja katika sekunde hizo chache, halafu kimya. Watu hugeuza nyuso kutazama kurasa zao. Wengi walishapiga mstari chini ya G-AANG miaka 30 au 40 iliyopita, na kwa kanuni ya zamani hawana cha kuandika. Wanaandika tarehe, saa, hali ya upepo, na jina la aliyeirusha.